Sebule Ivurugike, Ndoo Ifunikwe

Mtoto akishaanza kusimama dede, nyumba haikai tena ilivyopangwa. Vikombe vinashuka kabatini, unga unamwagwa, kiatu cha baba kinaokotwa uani. Mama anapanga, mtoto anapangua, na jioni mama yuko hoi na mtoto keshachapwa vidole kwa kosa la kushika. Tunawaomba wazazi, bibi na dada wa kazi muache vita hivyo.

Kwa mtoto wa umri huu, kushika ndiko kujifunza. Mpe sufuria tupu na upawa, kisha umtazame. Anagonga, anasikiliza, anageuza upawa na kugonga kwa mpini, halafu anaingiza kichwa ndani ya sufuria na kuguna ili asikie sauti yake ikimrudia. Hakuna aliyemfundisha. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2019 unataka mtoto wa mwaka 1 hadi 2 apate angalau dakika 180 za kuchangamsha mwili kila siku, na asibanwe kitini au mbelekoni zaidi ya saa 1 mfululizo.

Basi rafu ya chini mwachieni yeye, yenye vyombo vya plastiki na miiko. Kanga zilizokunjwa akizikunjua, ziacheni. Mgeni akipiga hodi, aondolewe vikorokoro kitini na akaribishwe. Mama mkwe akiguna, aelezwe kwa adabu.

Nguvu mnayookoa hapo ipelekeni kwenye mambo yasiyo na msamaha. Kwanza maji. Kichwa cha mtoto mdogo ni kizito kwa mwili wake. Akiinama kuchungulia ndoo, anatumbukia kichwa chini miguu juu, hawezi kujinasua, na mara nyingi hapigi hata kelele. Maji ya kina cha sentimita chache yanatosha kumuua. Ndoo iwe na mfuniko unaobana, na beseni la kufulia limwagwe papo hapo.

Mafuta ya taa yasitiwe kamwe katika chupa ya soda. Mtoto akiyanywa, msimtapishe wala msimpe maziwa, kwa kuwa akitapika mafuta huingia mapafuni. Mkimbizeni kituo cha afya na chupa yenyewe mkononi.

Kitambaa cha meza kinachoning'inia kiondoeni: akikivuta, birika la chai linamshukia usoni. Akiungua, mmwagilieni maji safi ya kawaida yanayotiririka kwa dakika 20. Dawa ya meno, yai na majivu huchafua kidonda.

Vumbi la mkekani lisiwanyime usingizi. Kinyesi cha kuku ni jambo jingine, kwa sababu mtoto huokota na kutia mdomoni, na vijidudu vyake huleta kuhara. Kuku wawe bandani, au mtoto achezee pale wasipofika. Kinyesi chake mwenyewe nacho kitupwe chooni, kisha aliyemsafisha anawe kwa sabuni.

Saa ya kupika jioni inahitaji mtu wa ziada: jiko la mkaa liko chini, chungu kinachemka, mama ana mikono miwili tu. Baba akiwa nyumbani, amchukue mtoto barazani mpaka chakula kiive. Vyombo vya mchana vikilala bila kuoshwa, vilale.