Somo: Mgeni Mpe Jembe

Shabaha: Kuzisaidia kamati za usharika na wafadhili kupanga ziara ya vijana kutoka ng'ambo katika shule ya kijijini, ili shule ibaki na faida wageni wakiisha kuondoka.

Soma kwanza: 2 Wakorintho, sura ya 8.

Utangulizi

Sharika nyingi za Tanzania zina marafiki Marekani na Ulaya. Mfano mmoja ni Bega kwa Bega, uhusiano wa Dayosisi ya Iringa ya KKKT na Sinodi ya Saint Paul, Minnesota, ulioanza miaka ya 1980. Sharika huunganishwa mbili mbili, wanafunzi wa sekondari husaidiwa karo, na wageni huja na kwenda. Mara nyingi wageni hao ni vijana, nao hutamani kujenga darasa au kupaka rangi.

Tuanze na hesabu

Baada ya kimbunga Mitch kuipiga Honduras mwaka 1998, vikundi vingi vya makanisa ya Amerika ya Kaskazini vilikwenda kujenga nyumba. Mtafiti Kurt Ver Beek alichunguza kazi hiyo na kutoa matokeo mwaka 2006. Nyumba moja iligharimu kama dola 2,000. Kikundi kimoja kilitumia kama dola 30,000 kwa safari yake, yaani thamani ya nyumba 15. Tena, familia zilizojengewa na wageni hazikuonyesha tofauti kubwa na zile zilizojengewa na wenyeji.

Je, vijana wasije? La. Fedha za nauli mara nyingi zisingepatikana bila safari, na anayeijua shule kwa macho yake anaweza kuwa rafiki yake kwa miaka mingi. Lakini tusiseme wanakuja kwa sababu tumekosa watu wa kubeba matofali. Wanakuja kujifunza na kujenga undugu. Tukikubaliana hivyo, mipango yote hubadilika.

Mambo ya kuamua kabla ya ziara

1. Kazi ichaguliwe na wenyeji. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Anayetoa jembe ni mwenyeji, kwa maana ndiye ajuaye shamba. Mwalimu mkuu, kamati ya shule na serikali ya kijiji wakae na kuandika mahitaji kwa mpangilio. Huenda hitaji la kwanza ni vyoo vya wasichana, tangi la maji au vitabu, wala si rangi ukutani. Orodha itumwe kwa marafiki kabla hawajaanza kuchangisha.

2. Fundi wa kijiji asinyang'anywe kazi. Katika vijiji vyetu wananchi husomba mchanga, mawe na maji, huchoma tofali na kuinua boma, kisha husubiri msaada wa bati na saruji. Msaada ukikamilisha boma hilo, jengo hubaki mali ya wananchi, nao watalitunza. Fundi mwashi alipwe ujira wake; vijana wawe vibarua wake. Kwa shule ya serikali, mhandisi wa halmashauri ashirikishwe tangu msingi.

3. Wakati. Wamarekani wengi huja Juni na Julai, shule zao zinapofungwa. Juni ni likizo yetu pia. Ni kiangazi, wakati mzuri wa ujenzi, lakini madarasa ni matupu. Wakitaka kukaa na wanafunzi, waje shule zikifunguliwa, na wasimwondoe mwalimu mbele ya darasa la mtihani.

4. Watoto walindwe. Mgeni asibaki faraghani na mtoto. Picha zipigwe kwa ruhusa ya mzazi na shule. Zawadi zipitie kwa mwalimu, zisitupwe kwa watoto uwanjani wakagombania.

5. Vibali. Kazi ya kujitolea inahitaji kibali; viza ya matembezi haitoshi. Ofisi ya dayosisi iulizwe mapema.

6. Hesabu iwe wazi. Katika sura tuliyosoma, Paulo habebi mchango peke yake. Wako watu waliochaguliwa na makanisa kufuatana naye, asije mtu akamlaumu. Nasi tusome mapato na matumizi mbele ya mkutano wa kijiji, na nakala ipelekwe kwa wafadhili.

Baada ya ziara

Kamati ikutane na shule baada ya miezi sita. Je, tangi linatoa maji? Nani anashika ufunguo? Majibu yaandikwe kwa marafiki, hata kama ni ya kusikitisha. Na vijana wetu nao waalikwe kwenda kuwatembelea, kwa kuwa undugu wa upande mmoja hauitwi undugu.

Maswali ya majadiliano

1. Tungepewa fedha bila wageni, tungefanya nini kwanza?
2. Katika ziara iliyopita, nani alichagua kazi?
3. Wafadhili: je, mko tayari kuja kusikiliza tu, bila kujenga chochote?
4. Sisi wenyeji tuna nini cha kuwafundisha wageni wetu?