Usiku wa Kushindwa Hauna Neno la Mwisho



Leo tujifunze kwa mchezaji wa besiboli. Kwetu mchezo huu hauna mashabiki wengi, kwa hiyo nieleze kidogo. Yupo mrushaji anayeanza mchezo, na yupo wa akiba anayengoja pembeni, akaitwa mwishoni kabisa kulinda ushindi. Akivurunda, jasho la wenzake wote limekwenda na maji.

Mariano Rivera, mtoto wa mvuvi wa Puerto Caimito, Panama, ndiye bingwa wa kazi hiyo. Aliichezea New York Yankees tangu 1995 hadi 2013, akalinda ushindi mara 652. Ni rekodi ya ligi kuu ya Marekani.

Lakini tarehe 4 Novemba 2001, mechi ya saba ya fainali dhidi ya Arizona Diamondbacks, alipewa mpira Yankees wakiongoza 2-1. Wakafungwa 3-2. Yaani kombe lilipotea mikononi mwake.

Mwenzake Enrique Wilson alikuwa amepanga kubaki New York kwa gwaride la ushindi, ndipo arudi kwao Jamhuri ya Dominika. Gwaride halikuwepo, akaondoka mapema. Ndege ambayo angeipanda ilianguka tarehe 12 Novemba, na watu wote 260 waliokuwemo walifariki. Baadaye Rivera alisema anashukuru walishindwa, maana rafiki yake yu hai.

Jamani, tusikimbilie kusema Mungu aliwanyima Yankees kombe ili amwokoe mmoja. Wale 260 nao ni watoto wake. Ninachosema ni kidogo tu: usiku wa kushindwa hatuoni vya kutosha kujihukumu.

Mimi mwaka wa pili wa falsafa nilianguka mtihani wa mdomo. Usiku ule nikafunga begi. Nilishaamua sina wito. Mlezi wangu akaniambia, "Lala kwanza. Asubuhi njoo Misa." Nilikwenda, na bado nipo.

Petro alimkana Bwana mara tatu. Baada ya ufufuko aliulizwa mara tatu kama anampenda, kisha akakabidhiwa kondoo. Rivera naye, msimu uliofuata, aliupokea mpira tena.

Zoezi la wiki: Andika jambo moja uliloshindwa. Jiulize: ni dhambi, au ni kushindwa tu? Kama ni dhambi, nenda kitubio. Kama ni kushindwa tu, acha kujiadhibu. Lipeleke mbele ya Ekaristi, kisha rudi kazini.

Tuombeane.