Kutabiri Ukosaji wa Watoto: Hesabu na Mipaka Yake

Mwaka 1950 Sheldon Glueck na mkewe Eleanor, wa Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, walichapisha uchunguzi juu ya wavulana 500 wakosaji na 500 wasio wakosaji wa mji wa Boston. Kutokana nao walitunga jedwali la kutabiri ukosaji kwa mambo matano ya nyumbani: jinsi baba anavyomwadibisha mtoto, jinsi mama anavyomwangalia, mapenzi ya baba, mapenzi ya mama, na mshikamano wa jamaa.

Kasoro ilikuwa katika hizo nusu mbili. Tuchukulie kipimo, hodari kuliko vingi, kinachowatambua wakosaji 90 katika kila 100, na kuwashuku bure 10 katika kila 100 wasio na kosa. Kwa wavulana wale 1,000 kingewataja 500, na 450 kati yao wangekuwa wakosaji kweli. Lakini katika mji wenye wavulana 1,000 ambamo wakosaji ni 50 tu, kitawataja 45 kwa haki na 95 kwa kuwaonea!

Siku hizi fomu za alama hutumiwa katika mahakama nyingi za watoto Marekani. Baadhi huhesabu mara ambazo mtoto amekamatwa, na kukamatwa hutegemea pia mahali polisi wanapopiga doria. Fomu yafaa kumsaidia mshauri achague msaada. Kumweka mtoto kizuizini kwa alama peke yake ni kumwadhibu kwa kosa ambalo hajalitenda.

Mwanafunzi arudie hesabu hiyo, wakosaji wakiwa 200.