Kuipa Mwendo Picha Iliyotulia: Mafunzo Niliyopata

Nahariri makala za video, na nyingi ninazoletewa ni za historia za familia na taasisi. Kwa kuwa zamani hizo hakuna aliyekuwa na kamera ya video, kazi huangukia picha mnato.

1. Amua kwanza mtazamaji aone nini, ndipo uguse zumu. Nina picha ya wafanyakazi wa bandarini: wote wanaitazama kamera isipokuwa kijana mmoja wa mstari wa nyuma, aliyekodolea macho viatu vya msimamizi aliyeketi mbele. Ukianza na picha nzima, hakuna atakayemwona. Nilianzia kwenye viatu vile vinavyong'aa, nikapanda taratibu hadi usoni kwa kijana, nikatulia, kisha nikarudi nyuma hadi kundi zima likaonekana. Picha ile ile moja, kisa kizima.

2. Pima pikseli mapema. Ukihariri kwa 1920 kwa 1080, picha yenye upana wa pikseli 3840 unaweza kuivuta mara mbili bila kufifia. Iliyopitia WhatsApp huwa imeshabanwa. Mwombe mwenyewe picha halisi uiskani.

3. Mwendo uondoke polepole na usimame polepole. Basi.

4. Sauti husukuma picha kuliko zumu. Mtindo huu wa kuipa mwendo picha mnato umepewa jina la Ken Burns, mtengenezaji wa The Civil War (1990), na Apple wakauweka kwa jina hilo hilo ndani ya iMovie. Lakini yeye mwenyewe hutaja kama chanzo chake City of Gold, filamu ya Kanada ya 1957 ya Colin Low na Wolf Koenig kuhusu Dawson City na wasaka dhahabu wake. Wengi huiga zumu ya Burns na kusahau sauti: watu wakisoma barua za wanajeshi, fidla chini yake. Zima sauti uone kinachobaki.

5. Picha ya msiba iache ilivyo. Kumsogelea mfiwa kwa zumu ni kumchungulia.

6. Kumkata mtu na kumtenganisha na mandhari ya nyuma, kama ilivyofanywa katika The Kid Stays in the Picture (2002), kunafaa kwa masimulizi yenye mbwembwe. Wateja huitaka sana mbinu hii. Huwaambia kichwa cha babu kitaelea kama stika. Baadhi hunielewa, wengine hulipa ziada.