Kabla Hujaiamini Saa ya Presha
Kijitabu cha kaya za Kibeta, Bukoba

Kijitabu hiki ni cha nyumba ambayo mtoto aliyeko Dar es Salaam au Mwanza amemtumia Ta au Ma, yaani baba au mama, saa ya mkononi inayoonyesha mapigo ya moyo, presha, oksijeni, hata sukari. Zawadi hiyo ni ya upendo. Ninaandika kwa sababu shangazi yangu aliletewa ya namna hiyo. Kila asubuhi ilimwonyesha 118 kwa 76, naye akaona amepona, akaviweka vidonge vyake vya presha juu ya kabati. Wiki ya sita aliamka mdomo umepinda na mkono wa kulia hauinuki. Pale zahanati mashine ya kufunga mkono ilisoma 196 kwa 112. Yuko hai, anatembea kwa fimbo.

Ivishe ndizi

Igeuze saa hiyo uitazame mgongoni. Utaona vitaa vya kijani vinawaka. Damu hufyonza mwanga wa kijani. Moyo ukipiga, damu hujaa kwenye vimishipa vya ngozi na mwanga unaorudi kwenye saa hupungua. Moyo ukipumzika, mwanga huongezeka. Saa huhesabu huko kupungua na kuongezeka, ikapata mapigo kwa dakika.

Sasa nenda jikoni, chukua ndizi moja kwenye mkungu, uivishe saa na kuibana kama unavyoibana mkononi. Subiri dakika moja. Saa nyingi zitaipa ndizi mapigo ya moyo, hata zile za bei kubwa, kwa kuwa kazi yake ni kutafuta mabadiliko ya mwanga, na mwanga unaoyumba kidogo hugeuzwa namba. Lakini ikikuandikia na presha ya ndizi, umeshajua namba za presha za saa hiyo zinatoka wapi. Wafanyie jaribio hili wazee wa nyumbani mbele ya macho yao. Linaeleweka upesi kuliko maneno yangu yote.

Hatusemi saa itupwe. Kwa mapigo ya mtu mzima aliyetulia, ikiwa imebana vizuri, husaidia: kawaida ni kati ya 60 na 100 kwa dakika. Baadhi ya saa hutambua hata moyo unaopiga bila mpangilio. Katika utafiti mkubwa wa Marekani uliohusisha watu zaidi ya 400,000, waliopata onyo la saa kisha wakavaa kipimo maalumu cha moyo, takriban theluthi moja walikutwa na tatizo hilo kweli. Kwa hiyo saa ikikuonya mara kwa mara, nenda ukapimwe moyo hospitali. Usianze dawa, wala usilie usiku kucha.

Presha ipimwe mkononi, juu ya kiwiko

Kama familia inachanga fedha, zichangwe kwa ajili ya mashine ya presha yenye mkanda unaojaa upepo na kuubana mkono. Mkanda ulingane na unene wa mkono. Ukiwa mdogo, presha itaonekana kubwa kuliko ilivyo.

Nusu saa kabla ya kupima, usinywe kahawa, usivute sigara, usitoke kulima. Wazee wetu wanaotafuna akamwani, hiyo nayo ni kahawa, ingoje. Nenda haja ndogo kwanza. Kaa kwenye kiti chenye egemeo dakika tano, nyayo zote mbili sakafuni, miguu isipishane, mkono uko wazi bila nguo na umelala mezani usawa wa moyo. Usiongee. Pima, subiri dakika moja, pima tena. Fanya hivyo asubuhi na jioni kwa siku saba, andika kila namba, hata ile usiyoipenda. Kwa vipimo vya nyumbani, wastani ukifika 135 kwa 85 au zaidi, nenda kituo cha afya. Ikifika 180 kwa 120 na kuna maumivu ya kifua, kichwa kinachouma mno, macho kutoona vizuri, ulimi mzito au upande mmoja kufa ganzi, usirudie kupima. Tafuta usafiri saa hiyohiyo: hospitali ya rufaa ya mkoa hapa Bukoba, au Rubya na Ndolage kwa ndugu zetu wa Muleba.

Vidonge havisimamishwi na saa. Vinasimamishwa au kubadilishwa na daktari.

Oksijeni, sukari na homa

Kibano cha kidoleni hutumia mwanga mwekundu kupima oksijeni, na mtu mwenye afya husoma 95 hadi 100. Kuna jambo linalotuhusu sisi wenye ngozi nyeusi: utafiti uliotoka Marekani mwaka 2020 ulionyesha kuwa vifaa hivi huweza kusoma juu kuliko hali halisi kwa watu weusi, na mgonjwa aliyepungukiwa akaonekana mzima. Rangi ya kucha na piko pia huvuruga. Mtoto anayehema haraka na mbavu zinazama ndani apelekwe hospitali hata kama kidole kinasoma 96.

Sukari haipimwi kwa mwanga wa saa. Mwezi Februari 2024 mamlaka ya dawa ya Marekani iliwaonya watu wasitumie saa wala pete zinazodai kupima sukari bila kutoboa ngozi. Vipo vihisi vya kweli vinavyobandikwa mkononi, vina uzi mwembamba unaoingia chini ya ngozi, lakini ni ghali. Tone la damu kidoleni bado linatosha.

Na homa: saa haijui malaria wala homa nyingine. Machi 2023 wilaya yetu ya Bukoba ilipata homa ya Marburg, watu sita wakafariki. Mwenye homa aende akapimwe.

Kwa mama mjamzito

Kifaa cha kuvaa ninachokitamani kwa kila wodi ya wazazi kinaitwa Moyo. Hufungwa kwa mkanda tumboni mwa mama aliye kwenye uchungu, kikahesabu mapigo ya mtoto, ambayo kawaida ni 110 hadi 160, na kumwamsha mkunga yakiharibika. Kati ya 2021 na 2023 kilitumika katika vituo 30 vya mikoa mitano, wakiwemo majirani zetu Geita na Mwanza, pamoja na mafunzo ya wakunga ya mara kwa mara. Vifo vya watoto katika saa 24 za kwanza vilipungua kwa takriban asilimia 40. Kifaa hicho ni cha kituoni, tena mikononi mwa mkunga. Uchungu ukianza, usibaki nyumbani kuhesabu kwa saa. Dharura ikitokea, piga 115 bure upate usafiri.

Daftari

Shangazi yangu sasa ana daftari la shule, limefungwa kalamu kwa uzi. Tarehe, asubuhi au jioni, namba mbili, na alama ya vema akimeza kidonge. Mwezi wa tatu muuguzi wa kliniki alilipitia kwa kidole, akaona Jumapili nyingi hazina vema, akamuuliza. Siku hizo huwahi misa ya kwanza kabla ya kula. Wakakubaliana ameze jioni.