Muziki Mzito Kwenye Gari Dogo: Anza na Altaneta

Ukiwa nyuma ya gari lililofungwa muziki mzito usiku, tazama taa zake. Kila besi ikigonga, taa zinafifia. Kuna wanaolionea fahari jambo hilo, eti muziki una nguvu. Mimi naona altaneta iliyozidiwa.

Nimefunga muziki kwenye IST yangu na kwenye magari ya ndugu na jamaa hapa Dar es Salaam. Mtu akinifuata, simuulizi kwanza anataka sabufa ya inchi ngapi. Namuuliza altaneta yake inatoa ampea ngapi. Magari mengi madogo yana altaneta ya ampea 60 hadi 100, lakini hizo huzitoa injini ikizunguka kwa kasi. Ukisimama kwenye foleni ya Barabara ya Mandela, injini ikiunguruma chini chini, altaneta hiyohiyo inaweza kutoa nusu tu, au pungufu. Na hapo ndipo mzigo unapokuwa mkubwa: AC imewashwa, feni ya rejeta inazunguka, taa kubwa za balbu za kawaida zinakula kama ampea 9 zote mbili, na mvua ikinyesha wipa nazo zimo. Kinachobaki ndicho cha muziki. Kwa hiyo hesabu zangu huwa za foleni, si za barabara tupu saa sita usiku.

Wati zilizoandikwa kwenye boksi la amplifaya usizisadiki. Boksi linasema 3,000? Haya, geuza amplifaya yenyewe uangalie fyuzi zake. Ukikuta mbili za ampea 30, jumla ni 60. Zidisha kwa volti 13.8, unapata wati 828 zinazoingia. Amplifaya ya daraja D hugeuza takriban asilimia 80 ya umeme huo kuwa sauti ya spika, kwa hiyo utapata kama wati 660, basi. Ya daraja AB hupoteza karibu nusu kwa joto, ndiyo maana huchemka kule chini ya kiti. Kwa gari dogo mimi huchukua daraja D bila kusita. Wati 500 za kweli zinahitaji kama ampea 45 zikipigwa mpaka mwisho, lakini muziki haukai kileleni muda wote, na wastani wake huwa chini ya hapo kwa mbali. Buti itatikisika, na majirani watakujua.

Pesa inayobaki iende kwenye waya. Madukani Kariakoo utaonyeshwa waya mnene wa kuvutia, kumbe unene ni wa plastiki na ndani ni alumini iliyopakwa shaba. Kwangua uzi mmoja kwa wembe: ukiona weupe ndani, hiyo ni alumini. Si kwamba haifai kabisa, ila inapitisha umeme kidogo kuliko shaba, hivyo panda saizi moja juu. Mimi hutumia shaba namba 4 kutoka kwenye betri hadi kwenye buti. Kumbuka namba ikipungua waya unanenepa. Namba 8 ni mwembamba kuliko namba 4.

Fyuzi kuu ikae karibu na betri, isizidi sentimita 45 hivi. Wapo mafundi wanaoiruka kwa sababu amplifaya tayari ina fyuzi zake. Zile zinalinda amplifaya. Hii inalinda waya mzima unaopita chini ya kapeti. Waya ukikwaruzwa pale unapotoboa ukuta wa chuma wa injini, ukagusa bodi, betri itamwaga mamia ya ampea na gari litashika moto. Weka mpira kwenye tundu hilo.

Waya wa hasi uwe mfupi na mnene sawa na wa chanya, ufungwe kwenye chuma cha bodi kilichosuguliwa kwa msasa hadi king'ae. Ukishakaza nati, paka grisi au rangi juu yake, maana chumvi ya pwani hailali. Nao ule waya mwembamba wa kuwashia amplifaya utoke kwenye redio. Ukiungwa kwenye moto wa kudumu, amplifaya haizimiki, na asubuhi gari haliwaki.

Kapasita yenye taa za bluu? Acha dukani. Ya faradi 1, volti zikishuka kutoka 14 hadi 12, inatoa jouli 26 tu. Amplifaya inayovuta wati 600 inazimaliza kabla hata ya sehemu ya ishirini ya sekunde.

Ukimaliza kufunga, chukua mita. Washa injini, AC na taa, piga wimbo wenye besi, kisha pima kwenye betri na kwenye amplifaya. Betri ikisoma 13.8 na amplifaya 12.9, umeme unapotea njiani: kagua viungo, hasa ule wa hasi. Ongeza pia unene wa nyaya tatu za mbele: altaneta kwenda betri, betri kwenda bodi, na injini kwenda bodi. Volti za betri na za amplifaya zikishuka zote mbili hadi 12, altaneta imeshindwa. Punguza besi au funga altaneta kubwa zaidi. Betri ya pili haitibu hilo, kwa kuwa nayo itachajiwa na altaneta ileile.

Betri ya ziada ina kazi yake kwa wanaopiga muziki injini imezimwa, kama pale Coco Beach jioni. Betri ya NS60 ina ampea-saa 45. Muziki unaovuta wastani wa ampea 15 unaila nusu kwa saa moja na nusu, na betri ya kuwashia gari haipendi kushushwa chini ya hapo.

La mwisho: kuna mafundi wanaopima altaneta kwa kuchomoa kichwa cha betri injini ikiwaka. Volti zinaruka ghafla na zinaweza kuunguza redio, amplifaya, hata kompyuta ya gari. Ukimwona fundi anasogea na spana injini ikiunguruma, mzuie, umpe mita.