Kaburi la Mhisani wa Maskini

Mjini Ajmer, nchini India, limo kaburi la Khwaja Muinuddin Chishti, walii wa Kisufi aliyefariki mwaka 1236. Katika uhai wake aliishi kifukara, naye huitwa Gharib Nawaz, maana yake mhisani wa maskini. Wafalme wakaja kumzuru kaburini. Mwaka 1570 Mfalme Akbar, baada ya kujaliwa mwana, alitimiza nadhiri yake kwa kwenda huko kwa miguu kutoka Agra, mwendo wa zaidi ya maili 200. Mjukuu wake, Shah Jahan, alijenga msikiti wa marumaru karibu na kaburi. Ufalme wao umetoweka; bali chakula cha sadaka chapikwa pale hata leo katika masufuria makubwa mno, bila nyama, ili Waislamu na Wahindu wale pamoja.